Somo la Mazingira: Uyoga Mdogo wa Mchwa, Namna ya Kuutambua na Kazi Yake Msituni



Mvua zinapokolea, nchi yetu hubadilika sura kuanzia miteremko ya Ukaguru na Rubeho hadi misitu ya miyombo inayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Majani makavu hulainika, kumbikumbi huruka jioni, na asubuhi moja kando ya njia ya shambani ardhi huonekana nyeupe kana kwamba mtu amepita akimwaga bisi. Mtoto huchota bakuli zima, akarudi nyumbani mbio: "Mama, nimeokota uyoga!" Mama huutazama, na hapo huzaliwa swali ambalo ndilo kiini cha somo la toleo hili: je, huu ndio ule tuliouzoea, au ni mwingine unaofanana nao?

Swali hilo lina uzito. Jibu sahihi ni kitoweo cha bure chenye ladha nzuri, na jibu la kubahatisha laweza kuwa safari ya usiku kwenda zahanati. Somo hili linaeleza uyoga mmoja tu, ule mdogo mweupe uotao kwa mamia karibu na makazi ya mchwa. Tumeuchagua kwa sababu unafahamika kwa wengi, na kwa sababu hauwezi kutambuliwa kwa kutazama kofia yake peke yake. Anayetaka kuujua sharti aijue nyumba yake, na akishaijua nyumba hiyo ataona pia kwa nini inafaa kuilinda.

Jina lake na asili yake

Wataalamu wanauita Termitomyces microcarpus. Sehemu ya kwanza ya jina ina maana ya kuvu ya mchwa, na sehemu ya pili ina maana ya tunda dogo. Kundi hili lilipewa jina la Termitomyces mwaka 1942 na mtaalamu wa Kifaransa, Roger Heim. Wazee wa Kisagara, Kikaguru na Kividunda wana majina yao wenyewe kwa aina mbalimbali za uyoga, na majina hayo ni hazina ya maarifa. Mwaka 2003, Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Ufini, walichapisha kitabu kuhusu uyoga wa Tanzania. Kwa hiyo mzee anayejua uyoga kwa jina na kwa mahali unapoota anashika elimu ambayo hata vyuo vikuu huitafuta.

Kabla ya kuendelea, tukumbuke jambo moja la msingi. Uyoga tunaouchuma si mmea, na wala si kiumbe kizima. Ni tunda tu. Mwili wenyewe wa kuvu ni nyuzi nyembamba mno zinazoishi ndani ya udongo, ndani ya gogo linalooza, au, kwa uyoga wetu huu, ndani ya makazi ya mchwa. Tunda hutokeza juu kwa siku chache ili kutawanya spora, yaani chembe ndogo kama vumbi ambazo ndizo mbegu za kuvu. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Uyoga unaouona juu ya ardhi umeundwa chini, na waliouunda ni wengi.

Shamba lililo chini ya ardhi

Wako mchwa wa aina nyingi. Baadhi yao, wakiwamo wale wanaojenga vichuguu vikubwa tunavyoviona kando ya barabara na mashambani, hawawezi kukimeng'enya vizuri wao wenyewe chakula wanachokikusanya. Kuni, majani makavu na nyasi vina kitu kigumu kiitwacho lignini, ambacho ndicho kinachoupa mti uimara wake. Ili kukishinda, mchwa hawa wamekuwa wakulima.

Vibarua wa mchwa hukata majani na kuni, huvimeza, kisha huvitoa vikiwa nusu vimesagika na kuvijenga kuwa sega lenye vyumba vingi, mfano wa sifongo la rangi ya kahawia. Ndani ya chakula hicho mna spora za kuvu. Spora zikichipua, nyuzi za kuvu hutambaa katika sega zima na kulainisha ule ugumu ulioishinda tumbo la mchwa. Baada ya muda huchomoza vinundu vyeupe vidogo kama vichwa vya pini. Mchwa huvila, na baadaye hula pia sega lenyewe lililokwisha kulainika. Kwa namna hiyo mchwa humpatia kuvu chakula, unyevu na ulinzi, na kuvu humpikia mchwa. Watafiti wanakadiria kwamba ushirikiano huu ulianza hapa Afrika yapata miaka milioni 30 iliyopita, muda mrefu mno kabla binadamu hajapanda punje ya kwanza ya mtama.

Aina nyingi za uyoga wa mchwa hutoka moja kwa moja kwenye sega lililo chini sana, zikipenya udongo kwa mguu mrefu unaofanana na mzizi. Baadhi ni mikubwa ajabu; ipo aina moja iliyoelezwa kutoka Zambia ambayo kofia yake yaweza kufikia upana wa mita moja. Uyoga wetu mdogo una desturi tofauti. Mchwa vibarua huchukua vipande vya sega na kuvitoa nje, wakavitandaza juu ya ardhi au chini kidogo tu ya udongo. Kutoka katika vipande hivyo vidogo uyoga huchipua kwa mamia. Ndiyo sababu huonekana kama bisi zilizomwagwa, na mara nyingine huota hatua kadhaa mbali na kichuguu, au mahali ambapo hakuna kichuguu kinachoonekana kabisa kwa kuwa mchwa wanaoutunza wanaishi chini ya ardhi.

Alama za kuutambua

Alama zifuatazo zitazamwe zote kwa pamoja. Alama moja ikikosekana, uyoga huo usiliwe.

Kwanza, tazama wingi wake. Huota kwa makundi makubwa yaliyosongamana. Uyoga mmoja au miwili iliyojitenga haitoshi kutoa hukumu.

Pili, tazama kofia. Upana wake kwa kawaida hauzidi sentimita 2 na nusu, karibu sawa na ukucha wa kidole gumba au zaidi kidogo. Ikiwa changa huwa kama kengele. Ikifunguka hutandaa, na ukingo wake hupasuka pasuka. Rangi ni nyeupe au ya maziwa, na katikati hubaki ncha ndogo iliyochongoka, yenye rangi ya kijivu au kahawia hafifu. Juu ya kofia hakuna magamba wala mabaka yanayobanduka.

Tatu, igeuze kofia. Chini yake kuna vipande vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Katika somo hili tutaviita matamvua. Uyoga ukiwa mchanga matamvua ni meupe, na unapokomaa hupata rangi ya waridi hafifu. Matamvua hayashikani na mguu.

Nne, kagua mguu. Ni mwembamba, mweupe, wenye nyuzinyuzi, na urefu wake ni sentimita chache tu. Hauna pete iliyouzunguka, na hauna kikombe au mfuko kwenye shina lake. Hili lisisahauliwe kamwe: pete na kikombe ni alama za baadhi ya uyoga hatari kuliko yote duniani. Kwa hiyo usiuvunje uyoga juu juu. Uchimbue taratibu kwa kijiti ili uone hadi mwisho wake.

Tano, chunguza udongo ulipoota. Ukifukua kidogo utakuta vipande vidogo vya sega la mchwa, laini na vyenye rangi ya kahawia, ambavyo uyoga umejishikiza kwavyo. Hii ndiyo alama kubwa kuliko zote. Uyoga mdogo mweupe ulioota juu ya gogo, juu ya samadi, au kwenye udongo usio na dalili yoyote ya mchwa, si huu.

Sita, pima rangi ya spora. Kata kofia kadhaa zilizofunguka, zilaze kifudifudi juu ya karatasi ambayo nusu yake ni nyeupe na nusu imepakwa rangi nyeusi, kisha zifunike kwa bakuli hadi asubuhi. Vumbi litakalobaki juu ya karatasi liwe na rangi ya waridi iliyofifia. Likiwa jeusi, la kahawia au la kijani, uyoga huo si wa mchwa. Hata hivyo, rangi ya waridi peke yake haitoshi, kwa kuwa lipo kundi jingine la uyoga lenye spora za rangi hiyo, na baadhi yake lina sumu. Kwa sababu hiyo alama ya tano na ya sita zisitenganishwe.

Wanaofanana nao

Upo uyoga mdogo unaoota kwa mamia kwenye visiki na mizizi iliyooza, wenye kofia yenye mikunjo kama mwavuli. Wingi wake humdanganya mchumaji, lakini huota kwenye kuni na spora zake ni nyeusi. Ipo pia miyoga midogo yenye magamba juu ya kofia na pete kwenye mguu. Baadhi yake ina sumu inayoharibu ini. Ipo mingine myeupe isiyo na pete, yenye sumu inayomfanya mtu atokwe jasho jingi, mate na machozi, na macho yake kuona ukungu.

Kwa wale wanaochuma uyoga mkubwa wa kichuguu, tahadhari ni nyingine. Uko uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia na pete mguuni, unaopenda kuota kwenye nyasi fupi, viwanja vya shule na kando ya nyumba. Ukiwa mchanga hupendeza macho, lakini ukikomaa matamvua yake hugeuka ya kijani. Huu husababisha kutapika na kuhara vikali saa chache baada ya kuliwa.

Imani zisizo salama

Katika mazungumzo ya vijijini husikika vipimo vingi vya haraka. Wengine husema uyoga wenye sumu huifanya sarafu au kitunguu kugeuka rangi ndani ya sufuria. Wengine husema ukiliwa na wadudu, konokono au mbuzi, basi hata binadamu yuko salama. Wengine huamini kwamba kuchemsha kwa muda mrefu na kumwaga maji ya kwanza huondoa kila sumu. Vipimo hivi vyote si vya kutegemewa. Mwili wa mdudu si mwili wa binadamu, na sumu kali kuliko zote haziondoki kwa moto, kwa chumvi, wala kwa kuanikwa juani.

Kipimo kinachokubalika ni kimoja: mchumaji auone uyoga ukiwa ardhini, azijue alama zake zote, na athibitishiwe na mtu mwenye uzoefu wa uyoga wa eneo hilo hilo. Uyoga ulioletwa ndani ya mfuko, uliokatwa miguu na kuchanganywa, haufai kuhukumiwa na yeyote, hata kama ni fundi.

Iwapo mtu atadhurika

Mtu aliyekula uyoga na kuanza kujisikia vibaya apelekwe katika zahanati au kituo cha afya mara moja, pamoja na wote waliokula chakula hicho hata kama bado hawana dalili. Mlete mabaki ya uyoga, mabichi au yaliyopikwa, na mueleze saa ambayo chakula kililiwa na saa ambayo dalili zilianza. Msimlazimishe mgonjwa kutapika, na msikawie nyumbani mkijaribu maziwa au dawa za kienyeji.

Jambo la kuzingatia kwa dhati ni hili: dalili zinazochelewa ndizo zenye hatari kubwa zaidi. Tumbo likianza kuuma saa 6 au zaidi baada ya kula, huenda ni ile sumu inayoharibu ini. Mgonjwa wa namna hiyo aweza kupata nafuu siku ya pili, familia ikashukuru, kumbe ini linaendelea kuharibika kimyakimya. Nafuu hiyo isiwazuie kwenda hospitali.

Kazi yake katika maumbile

Tukirudi msituni, tujiulize uyoga huu una faida gani mbali na kitoweo. Miti ya miyombo hudondosha majani na matawi mengi kila mwaka. Wakati wa kiangazi takataka hizo hukauka, na kuvu za kawaida hushindwa kuzila kwa kukosa unyevu. Mchwa na kuvu yao wanaendelea na kazi hata wakati huo, kwa sababu ndani ya makazi yao unyevu na joto hudhibitiwa. Rutuba iliyofungwa ndani ya kuni hurejea ardhini. Ndiyo maana wakulima wengi hupenda udongo wa kichuguu, na ndiyo maana miti na nyasi zinazoota juu ya vichuguu vya zamani mara nyingi hustawi kuliko majirani zake.

Vilevile njia za mchwa ndani ya udongo hurahisisha maji ya mvua kuzama. Sisi wa Kilosa tunalielewa jambo hili kwa uchungu, kwa kuwa mafuriko ya Mto Mkondoa ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 yaliwaacha maelfu ya wananchi bila makazi. Mchwa hawawezi kuzuia mafuriko, lakini kila tone linalozama mlimani ni tone lisilokimbilia bondeni, na ardhi yenye uhai hunywa maji kuliko ardhi iliyochomwa na kushindiliwa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kumbikumbi wanaporuka na kuanzisha familia mpya, wengi wao hawabebi kuvu. Vibarua wao wa kwanza sharti watoke nje na kuokota spora pamoja na majani makavu ili kuanzisha shamba lao. Spora hizo hutoka wapi? Hutoka kwenye uyoga ulioachwa ukafunguka na kukomaa. Kwa hiyo uyoga huu mdogo ndio kiungo kati ya kichuguu cha zamani na kichuguu kipya. Sufuria zetu zikichukua kila kilichochipua, tunawapunguzia wakulima hao wadogo mbegu.

Wala tusidhani kwamba tutaupanda wenyewe. Uyoga mamama huoteshwa vizuri kwenye mabua na mifuko nyumbani, na wananchi wanahimizwa kuujaribu. Uyoga wa mchwa, kinyume chake, haujawahi kuzalishwa kwa kilimo cha biashara mahali popote, kwa kuwa hauchipui bila mchwa wake. Ukitoweka katika msitu wa kijiji, hakuna duka la pembejeo litakaloturudishia.

Wajibu wetu

Mambo tunayoombwa kuyafanya ni machache. Tuchume kwa kiasi, na tuache sehemu ya kila kundi ifunguke. Tusivunje vichuguu vilivyomo misituni kwa ajili ya kutafuta malkia au kufyatulia matofali. Mchwa wanaokula nguzo za nyumba wadhibitiwe pale nyumbani, na popote palipomwagwa dawa ya wadudu uyoga wake usichumwe. Tuache magogo yaliyooza msituni, maana hicho ndicho chakula cha wakulima wetu wa chini ya ardhi.

Zaidi ya yote, tuache uchomaji moto ovyo. Moto wa kiangazi huteketeza kwa siku moja majani ambayo mchwa wangeyageuza kuwa rutuba kwa mwaka mzima. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji uwezo wa kutenga na kusimamia msitu wake, na inaweka masharti kuhusu uwashaji wa moto. Vijiji kama Ihombwe, Kitunduweta na Ulaya Mbuyuni vimekwisha kutenga misitu ya hifadhi ya kijiji, na hivyo kuonyesha kwamba wananchi wenyewe wanaweza kuwa walinzi.

Kwa wakazi wa Mikumi na vijiji vinavyopakana na hifadhi, tunakumbusha kwamba hairuhusiwi kuchuma chochote ndani ya Hifadhi ya Taifa, hata uyoga. Aidha, asubuhi na mapema tembo na nyati huwa karibu na mipaka. Watoto wasitumwe peke yao.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kofia peke yake haitoshi kuutambua uyoga mdogo wa mchwa?
2. Utafanya nini ukikuta uyoga mweupe wenye pete kwenye mguu?
3. Jirani amekula uyoga mchana na tumbo limemwanza usiku wa manane. Utamshauri nini, na atabeba nini kwenda zahanati?
4. Kuna faida gani kwa kichuguu cha mwakani ukiacha sehemu ya uyoga wa leo ardhini?

Tunawaomba walimu wa shule za msingi wayajadili maswali haya na wanafunzi, na wazee waketi na vijana wao kuwaonyesha uyoga mahali unapoota, kwa majina ya lugha zetu. Mwenye shaka yoyote amwone Afisa Ugani wa kata au Kamati ya Maliasili ya kijiji chake kabla ya kuinjika sufuria.